Kujifungulia nyumbani mtoto wa pili, Kigamboni: mkunga aje na nini?

Tulia_Kibada

Habari za jioni wadau. Mimba ya pili, wiki 33. Uzazi wa kwanza ulikuwa wa kawaida, mtoto kilo 3.1, kondo halikukwama na sikuongezewa damu. Kliniki nahudhuria: presha 110/70, wingi wa damu 11.8, mtoto mmoja, ametanguliza kichwa. Makazi ni Kibada.

Nimekusudia kujifungulia nyumbani na mkunga aliyesomea. Naomba wanaoijua kazi hii wanijibu kwa undani. Mimba ya pili inakwenda kasi kiasi gani? Mkunga anayekuja nyumbani awe na vifaa gani mkononi? Dalili zipi zikitokea hakuna tena mjadala, ni hospitali? Mtu akiniambia "nenda hospitali" nitamsikiliza, ila aniambie na sababu.

---

Mkunga_Leba

Dada Tulia, msimamo wangu nautanguliza: kwa Dar ilivyo leo, pa kujifungulia ni kituo chenye wakunga, damu na chumba cha upasuaji, na Wizara ya Afya inaelekeza hivyo hivyo. Lakini nitakujibu yote uliyouliza, maana mimba ya pili inaweza kukuwahi ukiwa nyumbani hata kama ulipanga kwenda.

Kasi kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unaanza kuhesabu uchungu kamili pale mlango wa kizazi unapofikia sentimita 5. Kutoka hapo hadi sentimita 10, mzazi wa kwanza kwa kawaida hapitishi saa 12, aliyewahi kuzaa hapitishi saa 10. Kusukuma ni hadi saa 3 kwa wa kwanza, hadi saa 2 kwa aliyewahi kuzaa. Hiyo ni mipaka ya juu. Wengi wa mara ya pili wanakuwa wepesi zaidi ya hapo, kwa kuwa mlango wa kizazi na misuli ya nyonga vimeshawahi kutanuka. Kinachowapoteza watu ni mwanzo wake: uchungu unaweza kuja na kupotea kutwa nzima, mtu akajua bado, kisha ukishika kweli mtoto anatoka ndani ya muda mfupi sana. Anayesubiri uchungu wa kila dakika 5 kama alivyofundishwa mimba ya kwanza, na anaishi mbali na kituo, amechelewa. Kwa mimba ya pili, uchungu ukishakuwa na mpangilio wa kila dakika 10 na kila unaofuata unazidi uliotangulia, mkunga awe ameshaanza safari. Chupa ikipasuka, apigiwe hata kama hakuna uchungu.

Sasa hatari iko wapi. Wengi wanaogopa kutoka kwa mtoto. Kwa mama mwenye historia kama yako, sehemu hiyo mara nyingi inakwenda yenyewe. Wasiwasi wangu mkubwa uko sehemu mbili: dakika ya kwanza ya mtoto, kama hapumui, na saa ya kwanza ya mama, kizazi kikikataa kukaza. Zote mbili haziji na taarifa. Mama mwenye presha nzuri na damu ya kutosha anaweza kutokwa damu hadi akazimia, na hakuna kipimo cha kliniki kitakachokuonyesha mapema kwamba ni yeye. Kwa hiyo mkunga mpime kwa vitu alivyobeba kwa ajili ya nyakati hizo mbili, kuliko kwa upole wake au sifa zake mtaani.

Awe na ambu ya mtoto mchanga, yaani mfuko wa kumpulizia hewa, yenye barakoa namba 1 na namba 0, na akuonyeshe mbele yako kwamba inasukuma hewa. Awe na kifaa cha kunyonya ute. Awe na oksitosini, ile sindano ya uchungu, isiyopungua ampuli 4 za yuniti 10, ndani ya chombo cha baridi. Awe na vifaa vya kufungua mshipa: kanula kubwa (kijimrija kinachobaki ndani ya mshipa), mipira ya dripu na angalau lita 2 za maji ya Ringer. Mrija wa mkojo, kwa sababu kibofu kikijaa kinasukuma kizazi kando na kukizuia kukaza. Mashine ya presha, kipima joto, kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto. Glovu za upasuaji jozi 4 au zaidi, klampu za kitovu 2, mkasi uliochemshwa kwa mvuke, ganzi na nyuzi za kushonea. Vitamini K ya mtoto miligramu 1 na dawa ya macho.

Na wawe wawili. Mama akianza kutokwa damu huku mtoto hapumui, mtu mmoja hana namna ya kuwahudumia wote. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania uione kwa macho, na uangalie tarehe ya mwisho.

Zisizo na mjadala: kovu la upasuaji kwenye kizazi, mapacha, mtoto aliyetanguliza makalio au kulala kukingama, kondo lililojishika chini karibu na mlango, chini ya wiki 37, presha 140/90 au zaidi, wingi wa damu chini ya 11, kisukari, na historia ya kutokwa damu nyingi au kondo kukwama uzazi uliopita. Mama anayeishi na VVU pia, kwa sababu dawa ya kinga ya mtoto inatakiwa ianze mapema baada ya kuzaliwa. Na kama kundi lako la damu ni hasi, ukajaaliwa mtoto wa kundi chanya, kuna sindano ya kinga ambayo inapaswa kuchomwa ndani ya saa 72. Hukutaja kundi lako; liangalie kwenye kadi leo.

Wakati wa uchungu wenyewe: maji yenye rangi ya kijani au kahawia, damu mbichi kabla ya mtoto, homa, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maruweruwe au maumivu chini ya chembe, mapigo ya mtoto chini ya 110 au juu ya 160 yasiyorudi sawa. Hapo hakuna kungoja.

---

Pwani_Utafiti

Naongeza jambo ambalo huenda ndilo lililomvuta dada Tulia, maana linazunguka sana mitandaoni: kwamba Uingereza mtoto wa pili anazaliwa nyumbani na ni salama.

Ni kweli, na chanzo chake kinajulikana. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Uingereza uliofuatilia zaidi ya wanawake 64,000 wenye mimba zisizo na hatari kubwa. Kwa waliokuwa wanazaa mara ya kwanza, kupanga kuzalia nyumbani kuliongeza matokeo mabaya kwa mtoto: 9.3 katika kila 1,000, dhidi ya 5.3 kwa waliopanga hospitali. Kwa waliowahi kuzaa, tofauti hiyo haikuonekana. Mwaka 2014 miongozo yao ikaanza kuwaambia wanawake wa mtoto wa pili na kuendelea kwamba nyumbani ni chaguo linalofaa.

Lakini soma na namba nyingine ya utafiti huo huo. Katika hao waliowahi kuzaa, asilimia 12 hivi walihamishiwa hospitali wakiwa kwenye uchungu au mara tu baada ya kuzaa. Kwa wa mara ya kwanza ilikuwa asilimia 45. Yaani hata kwa kundi lililochujwa vizuri, takriban mmoja kati ya wanane alipandishwa gari. Matokeo yao mazuri yalijengwa juu ya safari hiyo: wakunga walioajiriwa na mfumo wa umma, ambulansi inayokuja ikiitwa, wodi inayomtambua mgonjwa kabla hajafika. Usiazime nusu ya kwanza ya utafiti ukaacha ya pili. Swali lako la Kigamboni ni hili: ukiwa wewe ndiye huyo wa nane, saa 8 usiku, unapita wapi na nani anakupokea?

Na wapo wanaosema bibi zetu wote walizalia nyumbani. Walizalia, na wengi walikufa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 unaonyesha Tanzania asilimia 81 ya uzazi sasa unafanyika vituoni, na makadirio ya vifo vya wazazi yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104. Sisemi sababu ni moja tu. Ila sioni wa kutamani kurudi nyuma.

---

Mfamasia_Mtoni

Kuhusu dawa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganyika kwamba wameshajiandaa.

Oksitosini inahifadhiwa nyuzi 2 hadi 8. Ampuli iliyokaa kwenye mkoba wa mkunga tangu asubuhi kwa joto la Dar inaonekana safi, maji meupe vilevile, lakini nguvu imepungua na huwezi kujua kwa macho. Mkunga akiileta mfukoni, hiyo si kinga. Chombo cha baridi kiwe na vipande vya barafu vilivyotenganishwa na ampuli kwa kitambaa, maana kuigandisha nako kunaiharibu. Umeme wa Tanesco ukikatika, friji isiyofunguliwafunguliwa inahimili saa chache. Msiifungue kutafuta maji ya kunywa.

Kinga ya kawaida ni yuniti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kutoka, baada ya kupapasa tumbo kuhakikisha hakuna mtoto wa pili ndani.

Misoprosto ndiyo mbadala pale oksitosini haipo, kwa kuwa ni kidonge na haihitaji friji: vidonge 3 vya mikrogramu 200, kwa kumeza, mara moja, BAADA ya mtoto kutoka. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kumezwa kabla kunaweza kupasua kizazi na kuua wote wawili. Hiyo ni dawa ya mkunga kuitoa. Isikae kwenye kabati mtu akafikiria "kuharakisha". Kutetemeka na homa baada ya kuimeza ni kawaida yake, lakini homa isiyoshuka ichunguzwe.

Dawa za mitishamba za kuongeza uchungu nazo zinafanya madhara ya aina hiyo hiyo. Zinakaza kizazi bila kipimo, kisipate nafasi ya kulegea katikati ya uchungu, na mtoto anakosa hewa. Mkaanza kuhangaika na mapigo ya mtoto, na aliyempa mama kikombe amenyamaza. Waulizeni wazee wa nyumbani waziwazi, kwa heshima, kabla ya siku yenyewe.

Tranexamu gramu 1 kwa mshipa, polepole kwa dakika 10, ikianza ndani ya saa 3 tangu kuzaa, inasaidia damu kuganda. Kila robo saa ya kuchelewa inapunguza faida yake. Kama mkunga wako hana dawa hiyo, kumbuka ni sababu nyingine ya kufika kituoni mapema.

---

Gari_la_Usiku

Usafiri. Kutoka Kibada kituo cha kwanza ni hospitali ya Vijibweni. Nenda mapema, mchana, uulize mambo matatu: chumba cha upasuaji kinafanya kazi usiku na siku za sikukuu? Damu ya kundi lako ipo? Wakikupa rufaa, gari linatoka wapi? Rufaa ikitoka, njia ni daraja la Nyerere kuelekea Temeke au Muhimbili. Kivuko cha Magogoni kisiwe kwenye mpango wa dharura hata kidogo, kwa sababu hulikimbizi gari ukiwa kwenye foleni ya pantoni.

Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ni bure. Anayepokea atauliza mgonjwa ana dalili gani na yuko wapi, kisha apange ambulansi au dereva aliyesajiliwa. Usimpe jina la mtaa peke yake. Mpe kitu kinachoonekana usiku: msikiti, kituo cha mafuta, geti la rangi fulani, na mtu wa kusimama barabarani na tochi. Lakini uwe pia na gari lako la pili, jirani au dereva wa teksi aliyekubali kuitwa usiku, mafuta yakiwa yamejazwa. Bajaji ni ya mama anayeweza kukaa. Bodaboda si ya mama anayetokwa damu, kwa kuwa hawezi kulala na akizimia anaanguka.

Kwa wanaosoma wakiwa upande wa Mbezi au Kimara: masika yakishika, Jangwani hufungwa. Chagueni hospitali isiyowalazimu kuvuka pale.

---

Tulia_Kibada

Asanteni sana, hasa hiyo ya mmoja kati ya wanane. Sijawahi kuiona pamoja na ile nyingine. Kundi langu ni O chanya. Nabaki na swali: ikitokea mtoto amewahi, mkunga bado yuko njiani, na nyumbani yupo mume wangu na mama mkwe tu, wafanye nini hasa? Mama mkwe anasema mtoto akitoka tu kitovu kikatwe haraka na mimi nikandwe na maji ya moto.

---

Mkunga_Leba

Mama mkwe msikilize kwa heshima, ila hayo mawili yasifanyike. Nakuandikia kwa mfuatano ambao mumeo anaweza kuusoma akiwa amesimama.

Dalili kwamba hamna tena muda: unasikia kama haja kubwa inakusukuma na huwezi kuizuia, au kichwa kinaonekana. Hapo msianze safari, na usiende chooni. Watoto wa mimba ya pili wameangukia vyooni kwa sababu mama alidhani ni haja. Piga 115 na mpigie mkunga, simu iwekwe spika sakafuni. Mlango ufunguliwe, taa ziwashwe, feni izimwe. Feni ni jambo dogo ambalo Dar linasahaulika: sisi tunaona joto, lakini mtoto aliyelowa maji ya uzazi anapoa haraka mno, na mtoto aliyepoa anapumua vibaya.

Tandaza nailoni sakafuni, juu yake khanga safi. Mikono ioshwe kwa sabuni hadi viwiko, kisha glovu. Lala ubavu au piga magoti ukiegemea kitanda. Chali kabisa hapana, kizazi kinabana mshipa mkubwa wa damu.

Kichwa kikianza kutoka, acha kusukuma, hema kwa mdomo wazi. Mumeo aweke kiganja juu ya kichwa kwa wepesi ili kisichomoke ghafla. Hapo ndipo msamba unapochanika. Kikishatoka, apitishe kidole shingoni. Kitovu kikiwa kimezunguka na kimelegea, kivushwe juu ya kichwa. Kikigoma, kiachwe, mwili utapita. Asivute. Mabega yanakuja na uchungu unaofuata. Yakikwama, mama alale chali sasa, magoti yabanwe kabisa kuelekea kifuani na watu wawili. Isipofaa, ageuke apige magoti na mikono. Kuvuta kichwa kunakata mishipa ya fahamu ya mkono wa mtoto.

Mtoto akitoka, juu ya tumbo lako moja kwa moja. Afutwe kwa nguvu ya wastani, mgongo, kichwa, mikono. Khanga iliyolowa itupwe, afunikwe na kavu, kofia kichwani. Akilia, mwacheni hapo kifuani na atafutiwe ziwa. Asipolia wala kupumua baada ya kufutwa na kusuguliwa mgongo, msimning'inize miguu juu na msimpige makofi. Alazwe chali mahali tambarare, kichwa kikiwa sawa, kisiinamie wala kupindwa nyuma sana. Ute unaoonekana mdomoni ufutwe. Mdomo wa mtu mzima ufunike mdomo na pua za mtoto kwa pamoja, apulize hewa ya mashavuni tu, kiasi cha kifua kuinuka, mara 40 hivi kwa dakika. Hili lianze kabla dakika ya kwanza haijaisha. Mtu anayelisoma hapa kwa mara ya kwanza hawezi kulifanya vizuri usiku huo, kwa hiyo ombeni kufundishwa kliniki kabla.

Kitovu hakina haraka. Damu ya mtoto bado inapita humo, na dakika 1 hadi 3 za kusubiri zinampa akiba ya madini ya chuma. Kama mkunga yuko karibu, msikikate kabisa. Ikilazimu, kifungwe vidole 2 kutoka tumboni kwa mtoto, kifungwe tena vidole 5, kikatwe katikati kwa wembe mpya. Juu yake hakuna mafuta, majivu wala dawa ya meno.

Kondo litajitokea, mara nyingi ndani ya dakika 30. Utaona kitovu kinarefuka na damu kidogo inachuruzika. Msivute, kwa sababu kizazi kinaweza kugeuka nje, na hilo linaua haraka. Likitoka, liwekwe kwenye ndoo na lisubiri mkunga alikague. Kipande kilichobaki ndani ndicho kinacholeta damu siku ya pili. Dakika 30 zikipita halijatoka, au damu ni nyingi halijatoka, safari ianze.

Sasa sehemu niliyosema inanitisha. Likishatoka kondo, kojoa. Kisha mtu apapase chini ya kitovu chako: kizazi kiwe duara na kigumu kama danzi. Kikiwa laini, akisugue kwa mzunguko hadi kikaze, na arudie kila dakika 15 kwa saa 2. Mtoto aendelee kunyonya, kwa sababu kunyonya kunakaza kizazi. Kwa mtoto wa pili maumivu haya ya tumbo wakati wa kunyonyesha ni makali kuliko mara ya kwanza. Kizazi kinafanya kazi yake.

Damu ihesabiwe kwa vitu, maana macho yanapunguza. Khanga inanywa damu nyingi bila kuonyesha. Pedi moja kulowa yote ndani ya dakika 5 ni dharura. Nusu lita, ujazo wa chupa ndogo ya maji, ni dharura hata kama unaongea vizuri na kucheka. Utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukachapishwa 2023, uliwapa wakunga mfuko wenye vipimo wa kukinga damu chini ya mama, na matibabu yote yakaanza kwa pamoja: kusugua kizazi, oksitosini, tranexamu, dripu, uchunguzi. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Kuona kiasi mapema ndiko kulikoanzisha yote hayo. Ndiyo maana maji ya moto ya mama mkwe yasubiri: yanatanua mishipa, yanaunguza ngozi, na damu ikichanganyika na maji hakuna atakayejua imetoka kiasi gani.

Njiani, mama alale, miguu juu kidogo, mkono wa mtu ukiendelea kusugua kizazi hadi mlango wa hospitali. Kondo lichukuliwe, na kadi ya kliniki.

---

Mfamasia_Mtoni

Mume aandike saa: mtoto ametoka saa ngapi, kondo saa ngapi, dawa gani saa ngapi. Wanaompokea watauliza hivyo kwanza.

---

Mhudumu_Mtaa

Kuzaa vizuri hakuwaondolei safari ya kituoni. Wote wawili waonwe ndani ya saa 24. Mtoto apimwe uzito, apate BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya kwanza ya polio, na vitamini K kama hakupata. Ndani ya siku hizo za mwanzo mkimbizeni mkiona anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kinabonyea, hanyonyi, amekuwa wa njano siku ile ile aliyozaliwa, au kitovu kinanuka na wekundu unapanda tumboni. Kwa mama: homa, uchafu wenye harufu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kichwa kikali. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kuzaa, kwa hiyo presha ipimwe tena.

Cheti: aliyezaliwa hospitali hupewa tangazo la kizazi pale pale. Aliyezaliwa nyumbani, taarifa inapitia ofisi ya mtendaji wa kata, na ndipo mnakwenda RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi. Fanyeni ndani ya siku 90. Baada ya hapo mlolongo wa uthibitisho unaongezeka. Mkunga aandike karatasi yenye tarehe, saa, uzito, jina lake na namba ya leseni, mtaihitaji pale dirishani.

---

Tulia_Kibada

Nimezungumza na mume wangu. Jumatatu tunakwenda Vijibweni kuuliza yale matatu, na mkunga nitamwomba aje na mkoba wake aufungue mezani. Asipokuwa na ambu inayofanya kazi na chombo cha baridi, au akija peke yake, nitajifungulia hospitali. Swali dogo la mwisho kwa Mkunga_Leba: mafunzo ya kumpulizia mtoto, mume wangu anaweza kufundishwa akinisindikiza kliniki?

---

Mkunga_Leba

Muombe nesi siku ambayo foleni ni ndogo, mchana baada ya saa 6. Sanamu ya mazoezi ikikosekana, hata mkao wa kichwa na kiasi cha pumzi mnaweza kuonyeshwa kwa mdoli. Aje na mama mkwe pia.